Dubu Weupe wa Ghuba ya Hudson: Ni Wengi au Wachache?



Dubu twamjua katika Maandiko tu. Daudi, alipokuwa angali mchungaji, aliua simba na dubu waliokuja kunyakua kondoo wa baba yake. Tunapowasimulia wakatekumeni kisa hicho, simba hatuna kazi ya kumweleza, lakini kwa dubu twakwama, maana huku kwetu hayuko. Leo twataka kusema habari za ndugu yake mkubwa, dubu mweupe, akaaye juu ya barafu ya kaskazini kabisa mwa dunia, na hasa habari za ugomvi mmoja uliozuka juu yake. Wenye elimu waliohesabu dubu wa upande mmoja wa Kanada walisema: wanapungua. Wawindaji wa inchi ile ile, waliozaliwa na kukua karibu na dubu hao, walisema: sivyo, siku hizi twawaona wengi kuliko zamani. Pande zote mbili ni watu wa kweli, tena wenye macho mazuri. Basi yawezekanaje?

Kwanza tuone mahali penyewe. Ghuba ya Hudson ni mkono mkubwa wa bahari ulioingia ndani ya inchi ya Kanada. Wakati wa baridi maji yake yaganda kuwa barafu ngumu, hata nyama wazito watembea juu yake. (Barafu yetu sisi Wakongo ni ile ya Ruwenzori tu, nayo yapungua vilevile.) Bahari yaanza kuganda mnamo mwezi wa kumi na moja; mnamo mwezi wa sita na wa saba barafu yavunjika na kuyeyuka. Kwenye pwani ya magharibi uko mji mdogo wa Churchill, wenye watu wasiofika 1,000. Mapadri wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mji huo ni makao ya jimbo la Churchill-Hudson Bay, na kwamba mwaka 1944 Mapadri Waoblati walifungua huko nyumba ya kutunza kazi za mikono za Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ambao vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo.

Sasa dubu mwenyewe. Dume aweza kupita kilo 500. Jike ni kama nusu yake. Manyoya yake twayaona meupe, lakini kila unywele kwa kweli hauna rangi, na ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Chakula chake ni foka. Huyo ni nyama wa baharini mwenye mafuta mengi, lakini apumua hewa kama sisi, hivyo hana budi kutokeza kichwa katika tundu la barafu. Dubu amngoja kando ya tundu, kimya, pengine saa nyingi. Katika maji wazi hafanikiwi, kwani foka ampita mbali kwa kuogelea. Kwa hiyo barafu kwa dubu ni kama shamba kwa mkulima: ikiondoka, hana mahali pa kuvuna.

Tena mavuno hayako sawasawa mwaka wote. Majuma yaliyo bora ni yale ya mwezi wa nne hata wa sita, wakati watoto wa foka wamenenepa na hawajajua bado hatari. Katika majuma hayo dubu ajiwekea mafuta mwilini ya kumfikisha mbali. Barafu ikivunjika, apanda inchi kavu na kufunga. Sisi tunaofunga siku arobaini, tena na chakula cha jioni, tusijivune mbele yake! Dume hufunga miezi minne au zaidi. Jike mwenye mimba hupita hapo: bahari ikianza kuganda, wenzake warudi barafuni kuwinda, lakini yeye abaki katika shimo alilochimba udongoni, azaa humo mnamo mwezi wa kumi na mbili, anyonyesha watoto ambao uzito wao wakizaliwa haufiki kilo moja, na atoka nao mnamo mwezi wa pili au wa tatu. Jumla yaweza kufika miezi minane bila kula, na sehemu yake akitoa maziwa. Yote hayo yatoka katika mafuta ya yale majuma machache. Msomaji alishike neno hili, maana jibu letu limo humo.

Namna gani watu wajifunza habari za nyama wa namna hiyo? Kazi ilianza huko Churchill katika miaka ya 1960, na tangu miaka ya 1970 iliongozwa hasa na Ian Stirling, mwenye elimu wa Kanada, aliyefariki mwaka 2024. Wamfuata dubu kwa helikopta, wampiga kwa bunduki itoayo sindano ya dawa ya usingizi, na akilala washuka kumpima. Wamchanja namba ndani ya mdomo na kumtia kipande chenye namba sikioni. Wamng'oa pia jino moja dogo lisilo na kazi, kwa maana jino, likikatwa na kutazamwa, laonyesha pete za miaka kama mti. Majike wengine wavikwa ukanda shingoni wenye chombo kitoacho habari kwa sateliti, ili ijulikane waenda wapi. Madume hawavikwi, kwa sababu ya kuchekesha kidogo: shingo ya dume ni nene kuliko kichwa, ukanda wamtoka tu.

Hesabu nayo ina akili yake. Tuseme twavua samaki 100 katika ziwa dogo, twawatia alama, twawarudisha majini. Baadaye twavua tena 100, na kati yao 20 wana alama yetu. Wenye alama ni mmoja katika watano. Basi wale 100 wa kwanza ni kama sehemu ya tano ya wote, na ziwani wamo samaki 500 hivi. Ndivyo walivyohesabu dubu. Lakini hesabu hiyo yataka samaki wachanganyike vizuri, na asiwepo aliyetoroka katika ziwa jingine. Njia ya pili ni kuruka juu ya inchi yote kwa mistari, wakati dubu wako pwani na weupe wao waonekana juu ya udongo. Watu wa mbele na wa nyuma katika helikopta wahesabu bila kuambiana. Kisha kwa kulinganisha orodha zao wajua kadiri ya dubu waliowapita bila kuwaona.

Kwa njia ya kwanza walikadiria dubu 1,194 mwaka 1987 katika sehemu ya magharibi ya ghuba, na 935 mwaka 2004. Sababu waliyoitoa ni joto. Hewa ya kaboni itokayo katika makaa ya mawe, mazuti na esansi yazidi kuifunika dunia kama blanketi. Barafu ya ghuba hiyo siku hizi yaondoka mapema na yarudi kwa kuchelewa, hata muda usio na barafu umeongezeka majuma matatu au zaidi tangu miaka ya 1980. Na majuma yanayopotea mwanzoni ni yale yale ya mavuno.

Wainuiti wa vijiji vya pwani hiyo, kama Arviat, hawakukubali. Waliona dubu wakipita kati ya nyumba, wakivunja vibanda vya akiba, wakiwajia mbwa. Wakasema: kama wanapungua, hawa ni nani? Si maneno ya bure. Kila mwaka serikali huweka idadi ya dubu wanaoruhusiwa kuwindwa, na nyama hiyo ni chakula, ngozi ni mavazi na feza. Mwaka 2005 idadi ya Wainuiti kwa dubu hao ilipandishwa hata 56, kwa kusikiliza wawindaji. Miaka michache baadaye ikashushwa hata 8, kwa kusikiliza wenye kuhesabu. Mtu aweza kufahamu hasira iliyofuata.

Tena wawindaji hawakukosa katika yote. Wengine wenye elimu walikuwa wamekisia kwamba mwaka 2011 watabaki dubu 610 tu. Mwaka huo waliporuka kwa helikopta, walikadiria 1,000 na kitu. Wainuiti walikuwa na haki ya kusema: hatukuwaambia? Walikuwa na neno jingine pia, ambalo kwa maoni yetu lilistahili kusikilizwa mapema zaidi: kumfukuza dubu, kumlaza kwa dawa na kumfunga ukanda ni kumkosea heshima, na nyama iliyotiwa dawa hailiki. Siku hizi katika Nunavut, jimbo la Wainuiti, wachunguzi hutumia zaidi kuhesabu kutoka juu, au mshale mdogo usiolaza, uchukuao kipande cha ngozi tu; kwa kipande hicho kila dubu ajulikana peke yake. Kwa mishale hiyo, katika mlango wa bahari wa M'Clintock, mbali kaskazini, walikuta dubu 716 mahali ambapo mwaka 2000 walikadiria 284. Huko wanaongezeka, na si kinyume cha elimu: barafu iliyokuwa nene mno imekuwa nyepesi, na foka wapata nafasi. Markus Dyck, aliyeongoza kazi hiyo ya serikali ya Nunavut, alikufa pamoja na wafanyakazi wawili wa helikopta mwezi wa nne mwaka 2021, helikopta yao ilipoanguka karibu na Resolute Bay walipokwenda kuhesabu.

Turudi Hudson. Mwaka 2016 walikadiria dubu 842, na mwaka 2021 wakapata 618. Upande wa kusini wa ghuba hesabu ilipanda kutoka 780 hata 1,119 katika miaka hiyo hiyo, hivyo yaonekana wengine walihama tu. Samaki wetu waliotoroka ziwa! Lakini mizani haihami. Kwa muda wa miaka 37 majike wenye watoto wa magharibi walipungukiwa kilo 39 kwa wastani, na watoto wa mwaka mmoja kilo 26. Mwaka 2024 Anthony Pagano na wenzake walitoa habari ya dubu 20 waliovikwa kanda zenye kamera kwa muda wa majuma matatu wakati wa kiangazi. Wengine walilala tu, wengine walitafuta matunda, majani na ndege. Kumi na tisa kati yao walikonda, karibu kilo moja kwa siku.

Hapo ugomvi wafunguka. Dubu mwenye mafuta ya kutosha alala pwani, mbali na watu, angoja barafu. Dubu mwenye njaa atembea, afuata harufu, naye afika kijijini. Kwa hiyo yawezekana dubu wawe wachache katika inchi na wengi mlangoni, mwaka ule ule, kwa sababu ile ile. Mwindaji ahesabu milango, mwenye helikopta ahesabu inchi. Kila mmoja asema aliyoyaona.

Mataifa matano yenye dubu hao, ndiyo Kanada, Denmarki kwa ajili ya Greenland, Norwei, Marekani na Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, walitia sahihi mapatano huko Oslo mwaka 1973, nayo yalikomesha uwindaji wa ovyo. Yalifaa sana. Lakini mapatano juu ya bunduki hayagandishi bahari.

Huko Churchill dubu akiingia mjini hukamatwa na kutiwa katika nyumba iliyokuwa ya ndege za jeshi. Hupewa maji bila chakula, asije akajifunza kwamba kwa watu kuna chakula, kisha huchukuliwa mbali, au barafu ikirudi huachiliwa. Arviat haina nyumba ya namna hiyo. Tangu 2010 kijiji kimeweka walinzi wa zamu wa kuwafukuza dubu kwa taa na makelele, na wanaouawa wamepungua. Hata hivyo mwezi wa saba mwaka 2018 baba mmoja aliyekuwa na watoto wake karibu na kijiji alijiweka kati yao na dubu. Watoto walipona, yeye akafa. Na dubu auawaye kwa kujikinga aingizwa katika hesabu ya wale walioruhusiwa kuwindwa mwaka huo. Mwenye njaa akija mlangoni akauawa, mwindaji mmoja wa kijiji hatapata wake.