Karamu Isiyo na Wageni

Tarehe 28 Juni 2009, mwanafizikia Stephen Hawking aliandaa karamu katika chuo cha Gonville and Caius, Cambridge. Maputo yalitundikwa, shampeni ikapangwa mezani, bango likawakaribisha wasafiri wa wakati. Mwenyeji alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akisubiri. Hakutokea mtu. Kadi za mwaliko zilitolewa baada ya karamu kwisha, ili ahudhurie yule tu awezaye kurudi nyuma hadi siku ile.

Ni kichekesho, na pia ni jaribio la kisayansi: lina dai, siku, saa na mahali pa kulipimia. Ndivyo Hawking alivyotania maisha yake yote.

Na utani wake haukuja kirahisi. Alikuwa na miaka 21 madaktari walipogundua kuwa ana ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, wakamkadiria miaka miwili tu ya kuishi. Aliishi zaidi ya hamsini. Mwaka 1985 aliugua homa ya mapafu, akatobolewa koo ili apumue, na sauti yake ikapotea moja kwa moja. Tangu hapo kompyuta ilimsemea kwa lafudhi ya Kimarekani, yeye Mwingereza wa Oxford, na hata zilipopatikana sauti nzuri zaidi alikataa kuiacha ile. Kila neno alilichagua kwenye skrini, moja baada ya jingine. Mtu wa namna hiyo akitania, ujue ameamua kutania.

Alipenda kuwekeana dau na wenzake. Mwaka 1974 alibishana na Kip Thorne kuhusu Cygnus X-1, chanzo cha mionzi mikali angani. Thorne alisema hapo pana shimo jeusi, yaani mahali penye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki. Hawking akasema hapana, ingawa miaka yake mingi ya kazi ilitegemea mashimo hayo yawepo! Alikuwa akijikinga: kama hayapo, angalau atapata jarida la vichekesho kwa miaka minne. Mwaka 1990, Thorne akiwa Moscow, Hawking na wenzake waliingia ofisini kwake huko California bila hodi, na kwa alama ya dole gumba akakiri kwenye karatasi ya dau kwamba ameshindwa.

Dau zito zaidi lilikuwa la 1997. Hawking alikuwa ameonyesha, tangu 1974, kwamba mashimo meusi huvuja joto kidogo kidogo na mwishowe huyeyuka. Je, habari za vitu vilivyomezwa hupotea kabisa? Daftari likiungua, kimsingi moshi na majivu bado vinabeba alama za kilichoandikwa. Hawking alishikilia kuwa kwa shimo jeusi hakibaki kitu, mwanafizikia mwenzake John Preskill akapinga. Mwaka 2004, mjini Dublin, Hawking alikubali hadharani kwamba alikosea, akamlipa Preskill kamusi elezo ya mchezo wa besiboli. Msomi wa hadhi yake kulipa deni la kosa lake mbele ya umati ni jambo la kuheshimiwa kuliko ushindi mwingi.

Kuhusu kesho ya binadamu hakutania sana. Alionya juu ya akili bandia na mabadiliko ya tabianchi, akasisitiza tujifunze kuishi nje ya Dunia. Aprili 2007, akiwa na miaka 65, alipanda ndege maalumu juu ya Atlantiki na kuelea bila uzito, bila kile kiti.

Alifariki Machi 2018. Waliotaka kuhudhuria ibada yake Westminster Abbey walijaza fomu iliyokubali hata waliozaliwa mwaka 2038. Siku hiyo, 15 Juni, majivu yake yalizikwa karibu na Newton na Darwin, na antena iliyoko Hispania ikarusha sauti yake ya kompyuta kuelekea shimo jeusi lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 3,500. Bado iko njiani.