Uvimbe Umekwisha, Lakini Dawa Haijaisha

Ndugu mkulima, je, umepata kumwona mtoto amevimba taya, ukasema ni jino tu? Basi soma habari hii mpaka mwisho. Ni ya mwenzetu mmoja mwenye miwa na ng'ombe watatu katika skimu iliyo karibu na Muhoroni. Yeye mwenyewe amenikubalia niiandike, ila jina lake nisilitaje.

Mwezi wa Machi 2025 mtoto wake wa kiume, wa miaka sita, alianza kulegea meno ya nyuma. Shavu likavimba. Jirani mmoja alisema ni jino bovu, mwingine akasema kuna mtu mwenye kijicho. Jino likang'olewa. Wiki mbili hazijaisha uvimbe ulikuwa kama ngumi, na jicho limeanza kusukumwa nje. Ndipo mama yake alipombeba, akapanda matatu mpaka Kisumu, kwenye ile hospitali kubwa ambayo wazee bado huiita Russia. Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwa, na jibu likarudi: ni kansa iitwayo limfoma ya Burkitt.

Jina hilo lina asili yake hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waliona kuwa ugonjwa huu uko zaidi sehemu za joto na mvua nyingi, zilezile zenye malaria. Siku hizi yajulikana kwamba mtoto anayeshikwa na malaria mara kwa mara, naye ana virusi fulani vilivyogunduliwa mwaka 1964, ndiye aliye katika hatari zaidi. Wengi wana vyote viwili na hawaugui kansa hii. Lakini chandarua ulichopewa ni cha mtoto kulalia, si cha kufunikia miche ya sukuma wiki.

Usiku ule baba hakulala. Kwake neno kansa lilikuwa sawa na kaburi. Daktari akamwambia kwamba kansa hii hukua mbio sana, lakini pia husikia dawa upesi, na watoto wengi wanaomaliza dawa zote hupona. Mtoto akapangiwa dawa ya mshipani mara sita, kila baada ya wiki mbili, pamoja na sindano za mgongoni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Baada ya dawa ya kwanza, haikupita wiki moja, uvimbe ulikwisha kabisa. Mtoto akacheka, akaomba ugali. Huko nyumbani mvua imekwisha kunyesha, miwa imesongwa na magugu, na dada yake mkubwa anakosa shule ili akamue ng'ombe. Baba akapiga simu: "Mama watoto, mtoto amepona. Rudini nyumbani."

Mama akajibu, "Baba watoto, njoo kwanza uongee na sista."

Alikwenda akiwa tayari kugombana. Sista akamwuliza, "Mzee, shamba lako lina sangari? Ukilima mara moja, majani yakakauka, utasema imekwisha?" Mwenzetu alinyamaza. Anajua sangari. Siku ile alirudi peke yake, akauza mtamba, akalipa mchango wa SHA wa mwaka mzima ambao alikuwa ameuahirisha. Fedha iliyobaki ikawa ya nauli na chakula. Wewe usingoje mpaka mtoto alazwe ndipo ukajiandikishe.

Miezi ile haikuwa rahisi. Nywele zilianguka, mdomo ukawa na vidonda, akawa hawezi kumeza ila uji uliopoa. Baada ya dawa ya tatu mwili ulichemka usiku wa manane. Mama hakutafuta vidonge vilivyobaki kabatini, wala hakungoja kuche. Alikuwa ameambiwa kwamba dawa hizi hupunguza askari wa damu, na homa ndogo yaweza kumwua mtoto kwa siku moja. Jirani mwenye pikipiki akawachukua usiku uleule.

Jirani huyo asante. Lakini wako waliowakataza watoto wao kucheza naye, kana kwamba kansa huambukiza. Haiambukizi. Wengine walipalilia mistari yake ya miwa bila kuombwa, na mama mmoja akapeleka maziwa kwa zamu mpaka msichana akarudi darasani. Alikuwa amekosa majuma matano. Mimi niliyesomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo naliona hilo kuwa deni kubwa kuliko la mtamba.

Dawa ya sita ilimalizika. Nilipopita kwao kuandika hesabu ya mifugo, kijana alikuwa akimfukuza ndama, nywele zimeota, tena nyingi. Ukutani, juu ya risiti za miwa, imebandikwa kadi ya kliniki, na siku ya kurudi kuchunguzwa imezungushiwa wino mwekundu. Baba aliniuliza kama siku hiyo mkutano wa ushirika waweza kuanza bila yeye. Nikamwambia utaanza.