KUKU ALIYEVIMBA KIFUKO CHA CHAKULA

Mkulima, ukimpelekea ndugu yako wa Kaloleni au Jericho, Nairobi, kuku wa mayai, mpelekee na mkebe wa changarawe. Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza katika kifuko kilicho chini ya shingo, kisha husagwa kwa mawe madogo ndani ya firigisi. Shambani kwako hujiokotea mawe hayo. Katika ua wa saruji huko Eastlands hayapati, tena humeza nyuzi za magunia na vipande vya plastiki. Basi chakula hukwama.

Mpapase kuku asubuhi kabla hajala. Kifuko kikiwa kitupu, hana neno. Kikiwa kimejaa na kigumu, fanya hivi:

1. Mtenge. Usimpe chakula siku moja, lakini apate maji.

2. Mpe kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, tone kwa tone, kando ya mdomo.

3. Kisugue kifuko polepole kwa vidole, mara tatu au nne kwa siku.

4. Kikilainika, mpe chakula laini kidogo kidogo.

Usimning'inize kichwa chini ili atapike: maji yakiingia mapafuni atakufa. Kifuko kikijaa maji na mdomo ukinuka uchachu, mara nyingi hiyo ni kuvu. Mwite daktari wa mifugo. Mwite pia ikiwa uvimbe haupungui kwa siku mbili. Usikipasue mwenyewe.

Kumbuka: changarawe ni bure, lakini kuku wa mayai hununuliwa.