BUNDUKI YA URITHI SI KAMA JEMBE

Ndugu mkulima, mzee akifariki huacha shamba, ng'ombe na majembe, na pengine bunduki ya kuwindia. Shamba na ng'ombe hugawanywa kwa taratibu za mirathi. Bunduki ni jambo jingine. Soma haya kabla hujaishika.

Huku kwetu habari za bunduki si ngeni. Makueni ilipofunguliwa kuwa makazi ya wakulima katika miaka ya 1940, Bwana J. A. Hunter wa Idara ya Wanyama aliua vifaru karibu 1,000 ili watu wapate kulima. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Siku hizi ndovu akiingia shambani huitwa KWS, wala haitolewi bunduki ya marehemu.

Bunduki hiyo ina hatari mbili.

Ya kwanza ni ubovu wa mtambo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Remington ya Marekani iliwataka wenye Model 600 wazirudishe. Zingeweza kulia mtu alipoondoa kizuizi cha usalama tu, bila kidole kugusa kifyatulio. Mwaka 2014 iliziita pia Model 700 zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006 hadi Aprili 2014. Kuita hivyo ni kusema: acheni kuitumia, ileteni tuitengeneze bure. Lakini bure haidumu. Remington ilifilisika mwaka 2020 ikauzwa vipande vipande.

Ya pili ni sheria. Cheti cha bunduki ni cha mwenyewe aliyepewa; hakirithiwi. Kukaa na bunduki bila cheti ni kosa la kufungwa jela, na fundi hawezi kuitengeneza bunduki ya mtu asiye na cheti. Kwa hiyo fuata mpango huu:

1. Iache ilipo. Funga chumba, watoto wasiingie. Usijaribu kutoa risasi wala kuvuta kifyatulio ili uone.

2. Nenda kituo cha polisi bila bunduki. Chukua kitambulisho chako, hati ya kifo, na cheti cha marehemu kama kipo. Waombe waje kuichukua, nawe udai hati ya kupokelewa.

3. Ukitaka kuimiliki, omba cheti kwa Bodi ya Leseni za Bunduki. Usipopewa, bunduki hairudi nyumbani.

4. Ukipewa, mpelekee fundi aliyesajiliwa. Mwonyeshe jina la kampuni, aina, na nambari iliyopigwa kwenye chuma, aulize kama iliitwa. Muda wa bure ukiwa umepita, atie kifyatulio kipya kwa gharama yako.

Usimpe mhunzi wa sokoni aipige tupa. Jembe likitengenezwa vibaya utapoteza siku moja ya kazi. Bunduki ikitengenezwa vibaya utampoteza mtoto.