MVUKE WA PETROLI HUNASWA KWA MKAA

Ukipita Pasiansi mchana utaona magari yamesimama juani. Petroli iliyo ndani ya tangi hupata joto, kisha hugeuka mvuke. Mvuke huo hauonekani kwa macho, ila pua huusikia. Nao ni petroli vilevile: unashika moto.

Zamani mvuke huo ulitoka nje. Mwenye gari alipoteza mafuta, na watu walivuta hewa chafu. Jimbo la California, Marekani, lilitaka magari mapya ya mwaka 1970 yawe na chombo cha kuunasa.

Chombo hicho ni kopo lililojaa mkaa. Mkaa huo umetengenezwa kwa namna ya pekee. Una matundu madogo mno, tena mengi sana. Mvuke ukipita humo hunata.

Je, mkaa ukishiba? Hapo ndipo vali inapofanya kazi. Vali ni kama mlango mdogo kwenye bomba litokalo kwenye kopo kwenda kwenye injini. Katika magari ya siku hizi hufunguliwa kwa umeme. Injini ikizimwa, vali hufungwa. Injini ikisha kupata moto na gari likienda, vali hufunguka na kufunga, hufunguka na kufunga. Injini huvuta hewa kupitia kopo. Hewa huubeba mvuke, nao huungua ndani ya injini. Basi mafuta hayapotei bure.

Vali ikikwama wazi, gari hutetemeka likiwa limesimama linanguruma. Pengine hukataa kuwaka mara tu baada ya kutiwa mafuta. Dereva naye asishindilie mafuta pampu ikisha kujizima. Petroli ikifika kwenye kopo huharibu mkaa.

Na sisi wenye mashine za mitumbwi je? Dumu letu la petroli halina kopo la mkaa wala vali. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwa chini mpaka kwenye jiko au koroboi. Tukumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota. Moto ulilipuka, wakafa watu zaidi ya 90.

Kwa hiyo tusilaze dumu la petroli ndani ya nyumba. Tulifunge vizuri, tuliweke nje kivulini, mbali na moto na watoto.