Mchanga Katika Kilo ya Dagaa

Sato hapotezi nguvu kupasha mwili joto kama kuku. Maji yakiwa nyuzi 28, naye yumo humo humo kwenye 28. Ndiyo maana anaweza kula kidogo akanenepa, ilimradi hicho kidogo kimeshiba protini. Kifaranga wa kuku wa nyama hulishwa chakula chenye protini ya asilimia 22 hivi. Kifaranga wa sato huhitaji 40 au zaidi, na hata akikaribia kuvuliwa bado hudai 28 hadi 30. Kambale, ambaye nyama ndiyo mazoea yake, huhitaji zaidi ya hapo.

Pumba za mahindi haziwezi kufika huko. Mfugaji anayemwaga pumba tupu bwawani kwa kiasi kikubwa anarutubisha maji: mwani unastawi, sato wanaula, na samaki wachache wanakua hivyo hivyo bila shida. Wakiwa wengi mwani hauwatoshi. Ndani ya kizimba ziwani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa huko kinachokuza samaki ni kile anachorushiwa.

Kanda ya Ziwa dawa iliyozoeleka ni dagaa waliosagwa. Hesabu yake nyepesi: kilo 4 za dagaa wenye protini ya asilimia 57, ukichanganya na kilo 6 za pumba zenye asilimia 12, unapata kilo 10 za asilimia 30. Safi kabisa, kwenye karatasi. Lakini dagaa wengi wa Ziwa Victoria huanikwa juu ya mchanga ufukweni, na mchanga mizani inauhesabu ingawa tumbo la samaki halina kazi nao. Nusu kilo ya mchanga katika zile kilo 4 inatosha kuushusha mchanganyiko hadi asilimia 27. Mfugaji ameshalipia 30.

Tena dagaa hao hao ni kitoweo cha watu, na bei yao haimsubiri mfugaji. Wengi wanageukia soya na mashudu, na hapo asilimia ya protini peke yake haitoshi kusema ukweli wote. Soya mbichi ina kemikali inayozuia mmeng’enyo wa protini. Isipokaangwa au kuchemshwa, sehemu kubwa ya protini yake hupita tu. Hata ikiiva, ina upungufu wa methionini, mojawapo ya asidi amino ambazo samaki hawezi kujitengenezea. Alizeti ina upungufu wa lisini, asidi amino nyingine ya aina hiyo, na mashudu yake yakiwa na maganda mengi hujaza tumbo bure.

Asidi amino moja ikipungua, nyama haijengeki, hata kama nyingine zimejaa tele. Zilizobaki huchomwa kama kuni, na naitrojeni yake hutoka kupitia mashavu ikiwa amonia. Chakula ghali kimegeuka sumu ndani ya maji yale yale anayopumulia samaki.

Vitamini C nayo ina visa vyake. Sato haitengenezi mwilini, nayo huharibika chakula kikikaa muda mrefu stoo yenye joto. Samaki walioikosa hupinda uti wa mgongo, na mteja hawataki.

Chakula kizuri hutoa kilo 1 ya sato kwa kilo 1.5 hivi za chakula. Kibovu kikihitaji kilo 2.5, kila tani ya samaki imekula tani nzima ya ziada, na kwa kawaida chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji.