Hundi ya Spider-Man: Uhalisia katika Hadithi za Mashujaa wa Ajabu

Bunilizi ya ajabu, yaani utanzu wa hadithi ambamo yasiyowezekana duniani hutokea, hudhaniwa mara nyingi kuwa imeukimbia uhalisia, ilhali kazi zake bora humwomba msomaji akubali jambo moja tu la ajabu, kisha huyaacha mengine yote yafuate kanuni za maisha anayoyajua. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, hakufungwa na kanuni hizo: risasi hazikumpenya, na aliyedakwa naye hewani alishushwa akiwa mzima.

Mwaka 1962 mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimleta Spider-Man, ambaye nyuma ya barakoa ni Peter Parker, mwanafunzi yatima wa New York aliyeumwa na buibui mwenye mionzi. Ajabu inaishia hapo. Ami yake anauawa na mwizi ambaye kijana huyo angeweza kumzuia lakini hakujali, fedha zinaadimika nyumbani, naye anapopeleka benki hundi iliyoandikwa kwa jina la Spider-Man, karani anakataa kuilipa kwa kuwa hana uthibitisho kwamba jina hilo ni lake. Tukio hilo dogo linazidi thamani kurasa nyingi za mapigano, kwa sababu linaonyesha kwamba anayekwea kuta bado anaishi katika mji wenye makarani na kanuni zao.

Uhalisia huo ulifikia kilele mwaka 1973, katika toleo la 121 la jarida la The Amazing Spider-Man, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Adui aitwaye Green Goblin anamtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, kutoka juu ya daraja. Spider-Man anafyatua utando unaomnasa mguu, na kwa kitambo anaamini kwamba amemwokoa, lakini kando ya shingo ya Gwen limechorwa neno dogo la kuigiza mlio wa kitu kinachovunjika, na anapomvuta juu anamkuta amekwisha kufa. Mwili uangukao kwa kasi huumizwa na kusimamishwa ghafla, kwani kadiri muda wa kusimama unavyopungua ndivyo nguvu inayoukabili inavyozidi. Kanuni hiyo ya fizikia, ambayo waandishi wengi waliipuuza, hapa ndiyo chanzo cha msiba, na ndiyo iliyoufanya msiba huo usadikike.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba uhalisia ni kueleza kisayansi asili ya kila nguvu na kila kifaa. Mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, katika hadithi yao Watchmen (1986–1987), walimpa mhusika mmoja tu nguvu zipitazo maumbile, kisha wakauliza uwepo wake ungegeuza nini katika siasa. Jibu lao ni Marekani iliyoshinda vita vya Vietnam na Rais Nixon anayeendelea kutawala.

Katika Kiswahili, Shaaban Robert alikwisha kuipita njia hiyo mwaka 1951 katika kitabu chake Kusadikika: nchi yenye jina hilo inaelea angani, lakini mhusika Karama anashtakiwa humo mbele ya mfalme kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe waliotumwa mbali kuitafutia nchi maarifa, wakaadhibiwa waliporudi.